Daftari la Kipupwe

Saa kumi na mbili na robo. Nateremsha kipimajoto
kwa kamba, ndani ya tangi la pili,
nahesabu hadi mia. Nyuzi ishirini na tatu.
Naandika.

Machi zilikuwa thelathini na moja.
Machi kuba la turubai lilivimba kama shavu la mpiga zumari,
na Singano, mlinzi wetu, birika lake lilichemka
kabla hajamaliza kufunga msuli.
Sasa mwali ni mfupi, wa buluu, unatetemeka,
naye ananitazama kana kwamba nimeuiba.

Namwambia: humo ndani mna vibarua
wasioonekana. Hewa kwao sumu, giza kwao ajira.
Kundi la kwanza linavunjavunja: makombo ya Ngamiani,
povu la sabuni la Makorora, maji ya mchele ya Chuda,
na kile ambacho hakuna anayekiri kuwa ni chake.
Linavunja, linachachua. Baridi hii hailisumbui sana.
Kundi la pili ndilo linalogeuza uchachu kuwa moto,
na hilo, Singano, linadeka:
zishuke nyuzi saba tu, linajikunyata.
Wale wanapika, hawa hawapakui.
Ndiyo hiyo harufu unayonilaumu kila asubuhi.

“Si uwapashe moto?”
Kwa moto upi? Huu wao, usiotosha birika?

Mwaka juzi nilipanda na ndoo mbili za tope hili
hadi Lushoto, liwe hamira ya tangi la shule.
Nililifunika kwa kanga. Kondakta alinusa,
akanihamishia nyuma, pamoja na kuku.
Kule juu lilikaa miezi minne, kimya.
Mwalimu Shekiondo akaniandikia: *Dada Mwanamkuu, limekufa.*
Desemba likacheua.

Basi leo silikemei. Nafunga vali robo,
maji yanayozidi nayaelekeza bwawani,
yaliyomo yakae siku mbili zaidi;
namwaga chokaa, nusu ndoo, kwa mkono wa mama
anayeogopa kuharibu uji wa mgonjwa.
Mji haujui. Mji unavuta mnyororo na kusahau.

Nainamia chupa ya kioo, mrija umezama majini.
Povu moja.
Nasubiri, shingo inauma.
La pili.

Kwenye safu ya maelezo naandika: *polepole.*
Singano kaenda kununua mkaa.