Ulimi wa Chifu

Kila Ijumaa, kliniki ikishafungwa
na paka wa mwisho amebebwa ndani ya kikapu cha mboga,
namvua yule mzee waya zake.
Kitambaa laini, spiriti kidogo. Kidogo, si kumwaga:
mashine ni kama mgonjwa wa pumu, haioshwi kifua.
Namwaga kijikopo kinachokusanya maji ya pumzi,
nabadili kichujio, kama kipo.
Kama hakipo naandika "hakipo" katika daftari
kwa wino mwekundu, mara ya tatu mwezi huu.
Kisha najibana kidole mwenyewe:
tisini na saba.
Mapigo sabini na mawili.
Mimi ndimi kipimo cha kupimia kipimo.

Alitujia tayari ametumika, kutoka hospitali ya watu,
jina la wodi bado limebandikwa mgongoni.
Miaka kumi na miwili ametusomea damu
ya mbwa wa Milimani na mbuzi wa Bahati,
umeme wa Nakuru ukija na kuondoka upendavyo,
betri ikifupika: saa nzima, nusu saa,
mwisho muda wa kuchemsha chai.
Waya wa ulimi nimeuzungushia utepe mweusi
juu ya utepe mweupe juu ya utepe.
Ukiugusa kwa goti, moyo wa mgonjwa unapotea.

Siku ya Chifu ilikuwa Alhamisi.
Chifu ni mbwa wa Rotich, mlinzi wa ghala la mahindi huko Njoro.
Alikuwa amemeza gunzi.
Daktari Nyaboke mikono yote tumboni,
mimi kichwani, kalamu sikioni,
dakika tano, andika,
dakika tano, andika,
ndipo mstari ukalala.
Mzee akapiga ukelele wa msiba.
Daktari hakutazama kioo. Alinitazama mimi.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Sikujua kwamba mshindo nao una kimya chake,
na kwamba mtu hukiingia kwa vidole viwili,
ndani ya paja, pale manyoya ni haba na ngozi ina joto.
Nikangoja.
Nikangoja tena.
Du.
Du, du.
"Yupo," nikasema. "Yupo, daktari, na fizi zina rangi.
Ulimi ndio uliokauka, na waya umekatikia ndani ya utepe."
Akaendelea kushona. Hakusema neno hadi fundo la mwisho,
kisha: "Oduori, iko siku vidole vyako navyo vitachoka.
Siku hiyo tutamwamini nani?"

Fundi Masinde alikuja kutoka Kisumu,
akamfungua mzee kwa bisibisi, akashusha pumzi.
"Huyu spea zake hazitengenezwi tena.
Naweza kumpa waya wa binamu yake,
lakini atakuwa anakudanganya kwa adabu."
Akaandika bei ya mpya. Daktari akaisoma mara mbili,
akaigeuza karatasi kana kwamba nyuma kuna bei nyingine.
Dawa ya deni ni kulipa. Dawa ya kulipa bado tunaitafuta.
Tuliuza jokofu la pili. Salio, miezi kumi na minane.

Mpya alifika akinukia plastiki.
Kabla ya mgonjwa yeyote nikambania kidole changu:
tisini na saba.
Nilifurahi, kisha nikaona haya kufurahi mbele ya mzee.
Katika daftari niliandika tarehe, namba yake, "ameondolewa kazini,"
nikang'oa fyuzi, asije mtu akamwasha kwa huruma.
Sasa yuko rafuni, amebebeshwa pamba.
Ijumaa iliyopita nilijikuta nampangusa kioo.

Jumanne Chifu aliletwa kutolewa nyuzi.
Rotich alivua kofia, akauliza kwa sauti ya kanisani
kama hiyo inayong'aa ndiyo mashine iliyomwokoa.
Nilikuwa bado natafuta jibu
Chifu alipolizunguka lile boksi tupu mlangoni,
akalinusa pembe zote nne,
akainua mguu.