Ajenda ya Tatu

Kikao kilianza saa mbili kasorobo usiku
ndani ya stoo ya mipira, Tononoka,
watu watano, viti vinne,
na feni iliyozunguka kama imelazimishwa.
Ajenda ya kwanza, bili ya taa.
Ya pili, jezi zilizochujuka kwa maji ya chumvi.
Ya tatu nikaiandika kwa herufi kubwa:
WEKULO.

Nani asiyemjua? Futi sita na inchi nane,
mkono wa kushoto usiojua kukosea.
Akiruka, wapata nafasi ya kumeza mate
kabla hajatua.
Klabu yake ya Nairobi imemchoka, au yeye kaichoka,
barua haikusema. Ilisema tu:
tupeni Chengo, tupeni na yule kijana Shee,
na laki tatu juu,
mchukueni.

Mwanasha, mweka hazina, akalamba kidole,
akafunua daftari.
"Laki tatu ipo. Lakini ndiyo ya mwaka mzima."
Msellem akapiga meza:
"Kombe! Miaka kumi na moja twasifiwa ukarimu.
Wageni waja, watufunga, na madafu twawapa!"
Tukacheka,
kila mtu kicheko kikimchoma mahali pake.

Nyale wa vifaa akaanza: "Usiache mbachao..."
Kocha Dzombo akamkata:
"Msala wenyewe ni wa hariri, Nyale. Tusidanganyane."
Kisha akachora kwenye vumbi la meza
miduara mitano. Akafuta miwili,
akaweka mmoja, mkubwa.
Akautazama.
Akaufuta na huo,
akapangusa kidole kwenye suruali.

Nami nikiri: mkono wangu ulikwisha kuwa juu,
pamoja na wa Msellem, pamoja na wa Nyale.
Nilimtaka Wekulo. Nilitaka, mara moja tu kabla macho hayajafifia,
niandike thelathini mbele ya jina la mtu wetu.
Chengo, katika karatasi zangu, ni mbili, ni nne,
siku ya bahati ni saba.

Ndipo Mwanasha, huku akipapasa miwani yake,
akauliza kama aulizaye bei ya vitunguu:
"Na ufunguo wa lango, atakaa nao nani?"

Feni ikasikika.

Asubuhi za mvua Chengo hutangulia na gunia,
akakausha sakafu kona kwa kona.
Ajua ule ufa karibu na mstari wa mtupo huru,
mpira ukidunda pale hukengeuka,
na robo ya nne, pumzi zikishawaishia watu,
humsukuma mpinzani taratibu, bega kwa bega,
mpaka adundishe papo hapo.
Shee hungoja upande wa pili, keshainama.
Hilo karatasi yangu haina safu yake.

Mikono ilikuwa mitatu.
Ikawa miwili.
Nikaandika: *Ajenda ya tatu, hapana,*
nikaomba tuendelee na mengineyo.

Agosti Wekulo alikuja, na jezi ya watu wengine.
Thelathini na nne. Niliziandika mwenyewe,
moja moja, upande usio wetu wa karatasi.
Tulipungukiwa na tisa.
Msellem alinitazama kutoka jukwaani,
hakunitukana. Angenitukana ningelala.

Uwanja ulipobaki mtupu
Chengo alikuja, fulana imemganda mgongoni,
asiyejua kwamba alipimwa, wala kwa mizani gani,
akachungulia juu ya bega langu.
"Nimepata ngapi?"
"Mbili."
"Ah," akasema, "ile moja ilikuwa tamu lakini."
Akainama, akatoa ufunguo ndani ya soksi.
"Haya, tokeni basi.
Nataka kufunga."