Nusu ya Mkasi

Kile cha kukunja kilijifunga juu ya kidole changu
mwezi wa tisa, nimepiga magoti kwenye theluji iliyooza,
nikikata kamba shingoni mwa farasi wa Ubaldo.
Farasi alipona.
Bawaba ni ahadi,
na ahadi ya bei poa hulegea siku ya shida.
Nikaapa: kijacho kitakuwa kisu kizima,
chuma kimoja kisichojua kupiga goti.

Nilikuwa na peso elfu kumi na nane
ndani ya kopo la majani ya mate,
masalio ya majuma sita ya kuwapikia wakata-sufu,
baada ya deni la unga, baada ya viatu vya Yamil,
baada ya mtungi wa gesi.
Nilizihesabu njiani mara nne. Hazikuzaa.
Kilomita tisini juu ya lori la sufu hadi Gan Gan,
na upepo wa Chubut ukinisukuma mgongoni kama mdai.

Duka la Ifor Quilaqueo lina kabati la kioo.
Humo visu vimelazwa kama maharusi,
mipini ya fedha, ala zilizotariziwa maua,
bei kwa wino mwekundu.
Nikavisalimia, nikapita.
Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Hawasemi aliyemalizia pesa kwenye kisu
nyama ataipata kwa nini.

Vya kadiri yangu vilikuwa kwenye sanduku la mbao,
chini ya misumari na vitasa.
Cha kwanza: cheusi, kina meno mgongoni
na dira kitakoni, kama cha askari wa sinema.
Nikaligonga bapa kwa ukucha,
likajibu kama kifuniko cha sufuria.
Nikakitikisa, mpini ukacheza.
Msuka wake uliishia njiani, kama hadithi ya mlevi.

"Hiki hakishiki kutu," Ifor akanipa cha pili.
Wala makali, nikamwambia.
Ndugu yake ninaye jikoni:
namnoa asubuhi,
adhuhuri anabembeleza nyanya.

Cha tatu kilikuwa na sura mbaya.
Chuma cha kale chenye madoa kama mikono ya bibi,
mpini wa mti wa lenga, riveti tatu za shaba,
moja imepinda.
Lakini msuka ulipita mpini mzima, nikauona ubavuni,
mstari wa kijivu toka shingo hadi kitako,
kama uti wa mgongo wa mtu aliyekonda.
Nikakielekeza mlangoni, nikafumba jicho moja.
Kimenyooka.
Nikatafuta mwanga juu ya makali, nisiuone;
makali yanayometa yamekwisha kufa.
Nikanyoa vinyweleo vya mkono. Vikaanguka bila kelele.

"Kimetoka wapi?"
"Mkasi wa kondoo. Mwenyewe aliuleta mashine zilipokuja,
fundi akautenganisha."
"Na nusu ya pili?"
Ifor akainua mabega.
"Iliuzwa wakati wa baridi. Simkumbuki nani."

Alitaka elfu ishirini na mbili.
Nikamwaga kopo lote juu ya meza, pamoja na vumbi la mate,
nikavua begani jozi mbili za soksi nilizofuma kwa ajili ya kuuza.
Akazivuta, akanusa, akaangalia viatu vyake.
"Ala sina," akasema.
Ala nilishona mwenyewe, kutoka shingo ya buti
lililobaki peke yake.

Kinashika kutu nikikipa kisogo,
basi kila jioni nakipaka mafuta ya kondoo.
Kimekata mkate, kamba, ngozi, kitovu cha mwanakondoo.
Kikiimba juu ya kinoo, wakati mwingine nasita:
nani anainoa ile nusu nyingine usiku huu,
na je, inamwimbia hivi hivi?

Ubaldo amekiazima mara mbili.
Mara mbili nimempa kile cha kukunja.