Jezi Iliyofuliwa

Nimefika Oudenaarde kwa kazi yangu ya siku zote:
kutia bei vitu vya marehemu.
Mvua ya Machi. Barabara ya mawe inameta
kama mgongo wa samaki.

Godelieve ananifungulia mlango kwa kiwiko,
viganja vimejaa unga.
"Ni juu," anasema. "Achiel alipandisha tu,
hakuwahi kushusha kitu."

Chumba kinanuka sufu, kafuri, grisi ya mnyororo.
Ukutani, namba za mgongoni:
kumi na nne, mia na mbili, themanini na tatu,
kila pembe na pini yake, kila pini na kutu yake.
Kofia zenye chumvi ya jasho iliyochora visiwa.
Mifuko ya chakula ya turubai; mmoja
bado una kokwa ya plamu.
Daftari la msimamizi wa mbio, wino umetapakaa
pale mvua ya mwaka ule ilipomkuta.

Nasoma majina. Simjui hata mmoja.
"Hawa walishinda mwaka gani?"

Anacheka mpaka anashika kiti.
"Washindi wana makumbusho yao, bwana.
Achiel alikusanya wa mwisho.
Yule anayefika bendera zimeshakunjwa,
bendi imeshaingia baa,
na mfagiaji anamwambia: pita basi, nimalize."

Kawia ufike, nikawaza.
Miaka thelathini na moja tarishi wa posta,
juu ya mawe hayohayo, na mfuko wa barua.
Alisema mshindi huipita barabara;
wa mwisho ndiye anayeijua.

Sasa, kwetu sisi wathamini, doa ni fedha.
Tope la siku ileile, damu ya goti,
lami iliyorukia paja: huo ndio ushahidi.
Nguo safi ni shahidi aliyenyamaza.
Nimeona mtu akilipa bei ya gari
kwa soksi moja, ya kushoto,
kwa kuwa tu haikuwahi kuguswa na maji.

Na katikati ya ukuta, mahali pa heshima,
jezi ya kahawia, mkanda wa kijani kifuani,
mifuko miwili ya vifungo.
Naisogelea. Inanuka sabuni.

"Ya Firmin Wostyn," anasema, naye hacheki tena.
"Alianguka mara tano. Alimaliza usiku,
akimulikwa na pikipiki ya daktari.
Achiel alimwandikia miaka miwili
mpaka akapewa, na tope lake lote.
Mimi nikaikuta kapuni.
Nina mimba ya Joris, kichefuchefu, mgongo unauma,
naona nguo chafu ya mwanamume.
Nikaifua. Kwa brashi."

Siku tisa hakunisemesha.
Ya kumi akapanda huku na nyundo na msumari.

Chini ya jezi kuna kikaratasi,
mwandiko wa mtu aliyezoea anwani:
*F. Wostyn. Wa arobaini na saba kati ya arobaini na saba.
Imefuliwa na Godelieve.*

Simu inalia. Joris, kutoka Ghent:
anataka jumla kabla ya saa kumi.

Kwa mazoea tu nageuza mfuko wa kifuani nje ndani,
naweka lenzi jichoni.
Kwenye mshono, chini kabisa, brashi haikufika:
mchanga, punje tatu, na uzi mwekundu-mweusi
ambao si uzi.
Mimi najua kinachoandikwa hapo.
Najua sifuri ngapi huongezwa.

Naurudisha mfuko. Nafunga kifungo.

Yeye amesimama ngazini, unga umemkaukia vidoleni.
"Namba zina thamani?"
Zina.
"Kofia?"
Sana.
"Na ile?"

Imefuliwa, mama, namwambia. Sokoni si kitu.

"Vizuri," anasema,
na kwa mara ya kwanza tangu niingie
anaketi.
"Basi hiyo inabaki."