Saa Sifuri

Saa mbili usiku simu ya mama ilisema,
kwa sauti ya mwanamke asiyewahi kuchomwa na jua la Ibra:
"Sasa ni saa nane usiku. Kidonge cha presha."
Mama akaitikia, "Ahsante, mwanangu, bado mapema,"
akakaa kitako na kahawa yake ya iliki
akingoja saa nane ifike.

Siku kumi na moja alingoja hivyo.
Nilimkuta niliposhuka kunywa maji:
kiyoyozi kinakohoa, kidonge kiganjani,
macho mekundu, kichwa kinamwanguka.
"Simu imesema saa nane," akasema.
"Mimi nani hata niibishie?"

Nikafungua kompyuta pale pale jikoni,
juu ya kitambaa cha plastiki chenye kokwa za tende.
Programu ile, kumbe, huazima saa zake
kwenye ghala la msimbo huria, mlango wazi,
mistari mia mbili na kitu inayofundisha mashine
kutaja saa kwa lugha arubaini.
Yetu ilipewa mstari mmoja:
chukua tarakimu, itafsiri. Nane ikawa nane.
Aliyeuandika aliyajua maneno yetu ya kuhesabia,
ila hakuwahi kuamshwa kwayo.

Toa sita.
Dawa yenyewe ndiyo hiyo.
Siku yetu haianzi watu wakiwa wamelala;
huanza jua likishatoka, mtu ameshanawa uso.
Toa sita, gawa kwa kumi na mbili, shika baki.
Vidole vilinitetemeka kama naandika barua ya posa.

Wakataka jina la mchangiaji.
Nikaandika Thuwaiba binti Khalfan,
nikafuta binti,
nikairudisha.
Wakataka na sababu, kwa ufupi.
Nikaandika: Mama halali.
Hiyo nikaifuta kabisa. Nikaandika:
Kurekebisha saa za Kiswahili.

Jibu lilinikuta Jumatano, soko la wanawake,
nimekumbatia mfuko wa malimau makavu.
Maarika, wa Tallinn. Sijui hata Tallinn kuna mbuzi.
"Lugha yenu siijui hata neno," aliandika,
"ila nimegawanya. Ikifika sita ya alfajiri kwa hesabu ya huku,
msimbo wako unasema *saa sifuri*.
Je, mnayo saa hiyo?"

Nilicheka peke yangu katikati ya wauza dira
hata bibi wa udi akanipunguzia bei kwa huruma.
Jioni nikamuuliza mama.
"Saa sifuri?" Akatafuna tende, akatema kokwa.
"Labda ile ya kufa."

Basi baki ikiwa sifuri, sema kumi na mbili.
Maarika akataka majaribio, ishirini na manne,
nikayajaza kwa siku ya mama, saa kwa saa:
kumi na moja, anatia udhu;
tatu, anagombana na muuza samaki wa Sur kwa simu;
saba, analala na redio haizimwi;
mbili usiku, kidonge.
Yote yakawaka kijani.

Nyuma ya ukuta wetu unapita mfereji wa falaji.
Aliyeuchimba hana kaburi linalojulikana.
Kila mwaka mtu huingia na jembe, akatoa tope mpaka kiunoni,
akatoka, akaenda zake kunywa chai.

Toleo jipya lilishuka usiku wa Alhamisi.
Mama hakuambiwa. Simu ikasema saa mbili,
akameza, akazima taa.
Asubuhi tu alisema, huku anafunga kanga:
"Siku hizi simu hii imepata akili.
Sijui imekula nini."

Nami nilikuwa nimeshaamka, nasoma malalamiko mapya:
mtu wa Tanga, jina lake Mbwego, amekasirika kwelikweli,
anauliza ni nani huyo aliyeamua
kwamba saa moja ni *usiku* na si *jioni*,
wakati kwao kuku bado wanazurura uani.

Nikavuta kiti.