Joto la Chuma

Dakota Kaskazini, Januari, saa tisa usiku,
baridi ya kugandisha mate kabla hayajagusa ardhi.
Ndani ya banda la ndege kulikuwa na taa, si joto.
Renata Kvale alifungua sanduku lake la zana
kama ilivyo desturi kila zamu inapokwisha:
kila spana ina shimo lake katika sponji nyeusi,
kila koleo lina kitanda chake,
na kitanda kimoja kilikuwa kitupu.

Bisibisi fupi, mpini wa rangi ya chungwa.
Kitu cha dola nne.

Usiku ule mikono yake ilikuwa imeingia katika ndege tatu,
kila ndege injini nane,
na zote tatu zilipaswa kuruka alfajiri.
Hakuna aliyemwona. Mimi tu,
nami nikamnong'oneza: Nunua nyingine.
Sema ilivunjika. Nani atahesabu?
Aliniangalia kama mtu anayesikia lugha ngeni.

Kuna maneno ukutani, juu ya mashine ya kahawa:
UADILIFU KWANZA. Herufi ya mwanzo imebambuka rangi.
Tuliapa chini yake siku ya kwanza, buti mpya zikitubana,
na tangu hapo tukayapita
kama watu wapitavyo saa iliyokufa.
Naye aliyapita, akaenda kwa Sajini Prudhomme,
akasimama wima, akasema:
Ni mimi. Zana yangu imepotea. Zuieni ndege.

Nilidhani ujasiri una mshindo.
Ule niliouona ulikuwa na kamasi puani, zikiganda.

Prudhomme hakugomba. Mtu wa Luiziana,
baridi ilikwisha kumnyang'anya kelele zote.
Akanyanyua simu. Kanali akaamshwa,
marubani wakavua kofia zao,
na watu arobaini tukapiga magoti
kwa tochi na vioo vidogo kama vya daktari wa meno,
tukichungulia matumbo ya mashine.
Saa ya kwanza walimtania.
Saa ya pili walinyamaza, na kimya kilikuwa kibaya zaidi.
Mmoja, simtaji, alitema mate karibu na buti lake.

Saa ya tatu nikatia mkono ndani ya koti kutafuta leso.

Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako
hawakuwahi kuvaa koti la jeshi lenye mifuko tisa,
lakini walinijua.
Nilikuwa nimeiazima saa nne, kukaza kifuniko cha taa.
Sikumwambia. Ilikuwa kazi ya dakika moja.

Sasa sikiliza nilichofanya, wala sitakipamba:
niliinama chini ya gurudumu la nyuma,
nikaiachia sakafuni,
nikahesabu hadi tano,
nikapaza sauti: Nimeipata!

Makofi. Mtu akanipiga mgongoni.
Hata yule mtema mate alicheka.
Renata akaja, akavua glavu kupokea chuma chake.

Chuma kilicholala sakafuni usiku kama ule
hung'ang'ania ngozi, kikaondoka nayo.
Hiki kilikuwa na joto.
Joto la kifua changu, saa nane karibu na moyo.

Akakifumba kiganjani. Akanitazama.
Nilingoja alitaje jina langu mbele ya wote;
hakulitaja. Aliilaza bisibisi kitandani mwake,
akafunga sanduku, vifungo viwili, tak, tak,
akasema bila kuinua macho:
Sajini bado yuko ofisini.

Kutoka gurudumu lile hadi ofisini ni hatua sitini na mbili.
Kwenye ya ishirini nilitunga uongo mzuri.
Kwenye ya thelathini na tano nikatunga mzuri zaidi.
Nikaipita mashine ya kahawa. Ukuta sikuusoma;
nilikuwa naangalia kiganja changu,
kilivyokuwa chekundu, kilivyokuwa kitupu.

Mlango wa Prudhomme ulikuwa wazi.
Nikabisha hodi hata hivyo.