Pete ya Kimya

Usianze na karatasi, Kaumba.
Karatasi imeshanidanganya mara nyingi
bila kupepesa jicho.
Njoo hapa mlangoni. Umeme wa Kamalondo
umekwenda kwao tangu asubuhi.
Shika santuri kwa kingo,
kama mtu anayempelekea mgonjwa uji.

Hii imeandikwa Elisabethville. Vizuri.
Najua utaruka: kabla ya sitini na sita,
chapa ya kwanza, Baba Numbi, natoa dola themanini!
Tulia.
Mwenye kiwanda hakuwa mtu wa kutupa kitu.
Mji ulipobadilishwa jina alibaki na lebo maboksi manne,
akaendelea kuzichoma juu ya plastiki mpya
mpaka panya walipomaliza za mwisho.
Sisi je? Tulibadilishiwa mji, nchi, mkoa ukawa Shaba,
hata majina ya ubatizo tulivuliwa,
tukaendelea kuzunguka
na tobo lilelile katikati.

Bei nyuma ya bahasha, faranga au makuta,
inasaidia kidogo.
Lakini bahasha huolewa mara nyingi.
Santuri ya huyu hulala katika bahasha ya yule
tangu zile siku za kukimbia
kila mtu na alichowahi kunyakua.

Soma hapa. Wimbo unapokwisha,
kabla hujafika kwenye lebo,
kuna pete nyembamba, nyeusi, isiyo na sauti.
Inamisha. Inamisha tena, jua liingie kwa ubavu.
Hiyo mikwaruzo si kuku aliyepita.
Ni mkono wa fundi: KM, kumi na saba, kistari, moja.
Moja yake ina mkia, alikuwa wa mashoto.
Na pacha wake huyu,
lebo ileile, rangi ileile ya tofali,
KM, kumi na saba, kistari, mbili.
Mbili! Walikata upya.

Sikia. Betri ya gari ipo, nakuchezea mwisho tu.
Ya mbili: gitaa linapungua, linapungua, mlango umefungwa.
Ya moja: gitaa linapungua,
na pale ambapo hakuna anayesubiri kitu tena
mwanamke anacheka.
Mara moja. Bakuli la bati limeanguka sakafuni.

Alikuwa amewaletea wapiga gitaa bukari na samaki.
Katika daftari la studio hayumo.
Bwana mkubwa akasema kile kicheko ni uchafu,
kiondolewe.
Cheti chake cha kuzaliwa kinasema
"takribani elfu moja mia tisa arobaini na moja".
Cha kufa kimekosea hata jina.
Nimekwambia kuhusu karatasi.

Ya moja ninazo tatu.
Nyingine niliifuata Likasi kwa mvua,
nyingine ilikuwa kifuniko cha sufuria ya mjane wa Katuba,
imepinda kidogo, mama anacheka kama yuko garini.
Hiyo siuzi.
Hii uliyoishika, dola mia na ishirini.
Ndiyo, nauza, nina wajukuu shuleni.
Ila usiinue sindano wimbo ukiisha.
Kila mtu huinua mapema.

Na kuhusu bei, usijaribu.
Utachekwa.